Maswali ya Wasomaji: Kuyazuru Majengo ya Serikali ya Enzi za Ukoloni Dar es Salaam

Katika toleo hili tunajibu barua nne zinazohusu majengo ya kale ya serikali yaliyo katikati ya jiji, kuanzia Barabara ya Sokoine hadi Magogoni na Ocean Road. Barua tumezifupisha pale ilipobidi, bila kugusa maana yake.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, naishi Mbagala na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo karibu kila siku hupita mbele ya Boma la Kale, lakini sijawahi kuingia ndani. Disemba mdogo wangu atakuja na wanawe kutoka Mwanza, na ameniomba niwapeleke kuyaona majengo ya serikali ya wakati wa Wajerumani na Waingereza. Je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia? Tuanzie wapi? Tena mume wangu anasema haoni sababu ya kwenda kustarehe mahali ambapo babu zetu walikwenda kuhukumiwa na kudaiwa kodi. Nimjibu nini?

JIBU: Dada yangu wa Mbagala, nianze na jambo la ruhusa, kwa sababu ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Sehemu kubwa ya majengo hayo haikugeuzwa kuwa makumbusho, bali imeendelea na kazi zilezile au zinazofanana nazo: ofisi imebaki ofisi, na hospitali imebaki hospitali. Kwa hiyo anayetaka kuyazuru hana budi kujua lipi huingiwa na kila mtu, lipi huingiwa kwa kuomba, na lipi hutazamwa kwa nje tu.

Anzeni na Boma la Kale lenyewe, hapo Barabara ya Sokoine inapokutana na Barabara ya Morogoro. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyekusudia kuufanya mji huu mpya, jirani na kijiji cha Mzizima, kuwa makao yake upande wa bara. Jengo hilo lilikuwa mahali pa kuwapokea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870 mji ukiwa haujasimama, na ndugu yake Barghash, aliyerithi usultani, hakuuendeleza. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walilikuta Boma likiwa limesimama tayari, nao wakalitumia kwa utawala; Waingereza, waliouteka mji Septemba 1916, nao wakafanya vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu yangu ya kutaka wageni wako waanzie hapo, maana aliyeanza ziara yake Boma la Kale hawezi tena kuambiwa kwamba Dar es Salaam ilianza na Wajerumani, wala hawezi kudhani kwamba kabla yao hapakuwa na madaraka mengine yenye mabavu yake, kwa kuwa mji wa Majid nao ulijengwa kwa jasho la watumwa.

Baada ya ukarabati mkubwa, tangu mwaka 2017 Boma limekuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji, na ndani yake kuna maonyesho yanayoeleza jinsi mji ulivyojengwa na kupanuka. Waonyeshe watoto mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani, waguse ukuta wa matumbawe wauone unene wake, kisha wainue macho kwenye dari. Katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziwezi kuvuka sana mita tatu pasipo nguzo ya kati. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo huwa virefu na vyembamba. Mtoto akilielewa hilo, nyumba ya kale haitakuwa tena kwake jambo la ajabu lisilo na sababu.

Kutoka hapo tembeeni kwa miguu kuelekea mashariki, bahari ikiwa upande wa kulia. Mtapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na, mbele kidogo baada ya Posta ya Zamani, Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambayo si ya serikali lakini ni ya miaka ileile ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mkiendelea Kivukoni mtaona safu ya ofisi za Kijerumani zenye baraza pana, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa ofisi za wizara, kabla ya serikali kuhamia Dodoma. Hizi ni za kutazama kwa nje. Akiwapo mlinzi langoni, msalimuni na mmweleze mnachokitazama, kwa sababu mtu anayezunguka ofisi ya umma bila kusema neno hutiliwa shaka bure. Mwisho wa njia hiyo ni Ikulu ya Magogoni, ambayo haiingiwi wala haipigwi picha. Nitaieleza zaidi katika jibu linalofuata. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, sasa ni taasisi ya tiba ya saratani. Itazameni kutoka barabarani, kuba zake ndogo na matao yake vinaonekana vizuri, lakini tafadhali msiingie uani kwa ajili ya kutalii, kwani waliomo humo ni wagonjwa wanaohitaji utulivu.

Kwa upande wa Waingereza, nendeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la zamani la makumbusho hayo lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, na humo mtaona historia ya tawala zote mbili pamoja na magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, la Mwalimu Nyerere likiwamo. Chukueni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Hatua chache kutoka hapo ni Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya familia ya Karimjee mwaka 1955, ambamo Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lilikutana na baadaye Bunge letu wenyewe. Huko ni kuuliza langoni, maana mara nyingi huwa na shughuli, na baadhi ya siku ni mahali pa kuwaaga marehemu. Siku kama hiyo si ya watalii.

Sasa nije kwa shemeji. Shemeji ana hoja, na sitaki jibu langu liwe la kumshinda. Katika ofisi za namna hiyo ndimo ilimopangwa kodi ya nyumba, iliyowalazimisha watu kwenda kutafuta fedha mashambani kwa walowezi. Kutoka humo ndiko zilikotoka amri walizopelekewa maakida, yaani wasimamizi walioteuliwa na Wajerumani, huko vijijini. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Gavana von Götzen aliongoza ukandamizaji wake kutoka mji huuhuu, na njaa iliyofuata baada ya mazao kuteketezwa iliua watu wengi kuliko risasi. Wafungwa waliofungwa minyororo shingoni walionekana wakifanya kazi za umma mchana kweupe. Anayeona uzito kuyapita malango hayo ana haki yake, na asilazimishwe.

Hata hivyo mimi siafiki kuyaacha, na sababu yangu ni kwamba majengo haya ni ushahidi ulio wazi kwa kila mtu. Hati za utawala wa Kijerumani zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Upanga, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kuzisoma? Jengo halihitaji mkalimani. Atembee shemeji kutoka Ocean Road hadi Kariakoo kwa miguu, asubuhi moja, naye ataona jinsi upande wa mashariki wenye upepo wa bahari ulivyotengewa Wazungu, nyumba zao zikiwa na nafasi na miti. Halafu aingie Uhindini ambako maduka na makazi yamebanana. Avuke uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi ili kuwatenganisha Waafrika na wengine. Ndipo afike Kariakoo. Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na mali ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake bado liko Muhimbili hadi leo. Hakuna kitabu kinachoweza kuonyesha ubaguzi ule kwa uwazi kama umbali huo wa kutembea kwa miguu. Zaidi ya hayo, mawe yale yalichongwa, yakabebwa na kupangwa na mikono ya watu wa hapa, na mimi naona ni dhuluma ya pili kumwachia gavana sifa ya kazi ambayo hakuinyanyulia hata jiwe moja.

Kwa hiyo usimwambie twende kustarehe. Mwambie mnakwenda kuwaonyesha watoto, naye ndiye afaaye kuwaeleza habari za kodi.

SWALI: Navuka kwa pantoni kila siku kutoka Kigamboni. Nikiwa majini Ikulu huonekana vizuri sana. Je, kuna ubaya nikiipiga picha kwa simu kutoka kwenye pantoni? Na kuna siku wananchi huruhusiwa kuitembelea?

JIBU: Ndugu wa Kigamboni, usipige. Ikulu ni eneo linalolindwa kisheria, na kuwa majini badala ya barabarani hakubadilishi kitu. Tahadhari hiyohiyo ni kwa bandari, vituo vya jeshi na vivuko vyenyewe. Ukishapiga na ukatakiwa kuifuta, ifute kwa adabu na usibishane. Ikulu ya Chamwino, Dodoma, ilizinduliwa Mei 2023, lakini hiyo haikuifanya ya Magogoni kuwa makumbusho. Bado ni makazi na ofisi ya Rais, na anayeingia huingia kwa mwaliko. Itazame kwa macho, nayo inastahili kutazamwa: jengo la kwanza mahali hapo lilikuwa kasri la gavana wa Kijerumani, likaharibiwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza haohao wakalijenga upya mwaka 1922.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi, Temeke. Niliwapeleka wanangu kuona mojawapo ya majengo haya ya kale, nikaona lipu imevimba na kubanduka, na ukutani kuna unga mweupe wa chumvi. Nilisikitika. Kwa nini wasibandue lipu yote na kupiga ya saruji nzito ili kazi ikae? Pia naomba kujua ni kwa nini baadhi ya nyumba za wakati ule zinavunjwa wakati nyingine zinalindwa.

JIBU: Fundi, nimefurahi kwamba jicho lako lilikwenda ukutani, kwa sababu wageni wengi hutazama mapambo tu. Huenda ulichokiona kimesababishwa na dawa hiyohiyo unayoipendekeza. Kuta za kale za mji huu ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi, kisha kuyazimua kwa maji na kuyaacha yatulie kabla ya kuchanganya na mchanga. Ukuta wa namna hiyo una vinyweleo. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, halafu huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vinyweleo na ni laini kuliko jiwe. Lipu ya namna hiyo hukubali kuchakaa ili jiwe libaki, na ikichakaa hurudishiwa.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji yaliyokwisha kuingia ukutani hukwama nyuma yake. Chumvi iliyoyeyuka katika maji hayo huganda na kutanuka, huisukuma lipu nje hadi ivimbe, na inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Madhara makubwa zaidi hayaonekani haraka: ncha za boriti zilizozama ukutani hukaa katika unyevu usiotoka, huoza zikiwa zimefichika, na siku moja dari hushuka. Ndiyo maana warekebishaji wanaoijua kazi yao huibandua saruji ya zamani na kurudi kwenye chokaa, ingawa kazi hiyo ni ya polepole na inahitaji subira ambayo mkandarasi wa leo hapewi muda wake. Ukitaka kuyaona mawe yenyewe na ukarabati uliofanyika kwa kujali, nenda Boma la Kale ukiwa na jicho lako la fundi. Ningependa sana mafundi vijana wa jiji hili wapelekwe huko kama wanafunzi wanavyopelekwa mbugani, kwa maana ujuzi wa chokaa ukipotea hapa kwetu, tutalazimika kuuagiza kutoka nje kwa fedha nyingi.

Kuhusu kuvunjwa, chanzo kimojawapo kimo katika sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa angalia: Boma la Kale, jengo la kale la serikali ya Majid, ni la 1866. Maana yake ni kwamba majengo yote ya serikali niliyoyataja katika kurasa hizi, ya Sultani, ya Mjerumani na ya Mwingereza, yako upande wa nje wa mpaka huo, na ili lolote lilindwe ni lazima litangazwe lenyewe katika Gazeti la Serikali. Yapo yaliyotangazwa. Ambalo halikutangazwa, mwenye kiwanja akitaka kupandisha ghorofa, halina kinga ya kutosha. Kwa maoni yangu mpaka huo wa mwaka huenda ulifaa kwa Kilwa na magofu ya pwani, lakini kwa mji mchanga kama Dar es Salaam unatuacha mikono mitupu, na ni jambo ambalo wabunge wetu wangepaswa kuliangalia kabla ya nyumba zilizobaki kuisha.

SWALI: Nafundisha historia katika shule ya sekondari, Tandika. Nataka kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu katikati ya jiji kuyaona majengo ya utawala wa kikoloni. Nitawafundishaje kutambua jengo la Sultani, la Mjerumani na la Mwingereza, na nifuate utaratibu gani ili tusizuiwe?

JIBU: Mwalimu, alama zipo, ingawa si za kuaminiwa peke yake. Jengo la Sultani lina kuta nene za matumbawe, mlango uliochongwa, na ukingo wa paa wenye meno kama ngome. La Mjerumani hutambulika kwa baraza pana za juu na chini, dari zilizoinuliwa ili joto lipande, na madirisha yaliyoelekezwa kwenye upepo. Hayo yalitokana pia na hofu ya malaria. Daktari Robert Koch mwenyewe alifanya utafiti wa ugonjwa huo mjini hapa kuanzia mwaka 1897. Waingereza walikuta mji umekwisha kupangwa, wakarithi mengi kuliko waliyojenga.

Lakini wafundishe wanafunzi kulitilia shaka umbo la nje. Wakiiona Ikulu kwa mbali, yenye matao meupe ya kipwani, wengi watasema hilo ni jengo la Sultani, kumbe umbo hilo ni la Waingereza wa 1922, lililochorwa na John Sinclair, ambaye alikuwa amefanya kazi Zanzibar na kuupenda mtindo wa huko. Mtawala mpya alichagua kuvaa sura ya mwenyeji, na swali la kwa nini alifanya hivyo linaweza kuwachukua kipindi kizima darasani. Lipo jambo kama hilo katika Sanamu ya Askari. Mahali pale palisimama kwanza sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyeuzima kwa silaha upinzani wa Abushiri huku pwani. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka askari Mwafrika mwenye bunduki iliyoelekezwa upande wa bandari, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Waache wanafunzi wayasome wenyewe kwa sauti, kisha wajadiliane kama wapagazi, waliokufa wengi mno kwa maradhi na njaa, wamepewa nafasi wanayostahili katika kumbukumbu hiyo. Mimi naona hawajapewa, lakini wao wafikie uamuzi wao.

Usiwapeleke mahali pengi kwa siku moja. Boma la Kale, safu ya Kivukoni kwa nje, na Makumbusho ya Taifa vinatosha. Ukiongeza Karimjee jua litawachosha na hawatakumbuka chochote. Wape kazi ya kuchora badala ya kupiga picha, kwa kuwa anayechora dirisha hulazimika kulitazama, na daftari halimkeri mlinzi yeyote mradi mko mbali na Ikulu. Jumamosi asubuhi ni wakati mzuri, magari ya ofisini yakiwa yamepungua. Ulizeni kwanza saa za kufunguliwa. Mwendokasi utawashusha karibu kabisa na Boma.

Andikeni barua mbili zenye nembo ya shule, moja kwa Boma la Kale na nyingine kwa Makumbusho, mkitaja tarehe, idadi ya wanafunzi, jina la mwalimu kiongozi na ombi la mwongozaji. Kama mnataka kuingia katika ofisi yoyote ya serikali, barua iende kwa mkuu wa ofisi hiyo wiki mbili au tatu kabla, nanyi muwe tayari kujibiwa hapana. Zipelekeni kwa mkono badala ya kuzituma, nakala zenu zigongwe muhuri wa kupokelewa, na siku ya safari mwalimu kiongozi awe nazo mkobani pamoja na kitambulisho chake.